Chembe za Siku Mia na Ishirini

Swali lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limemkosesha Kwanini raha tangu jana: muuguzi alijuaje?

Kwanini halikuwa jina lake. Wenzake kituoni walimbandika miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa konstebo mgeni anayeuliza maswali mpaka wakubwa wakamkimbia, na sasa ni inspekta na jina halijambanduka. Hata mkuu wa kituo alimwita hivyo mbele ya wageni. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu wa sauti, mwenye tabia moja mbaya ya kushikashika vitu vya watu. Saa mbili na robo asubuhi alikuwa akishika vitu vya Darubini, mkuu wa maabara ya hospitali, na Darubini alikuwa amemkazia macho.

"Weka chini hiyo," alisema. "Hiyo ni damu ya mtu, si bizari."

Kwanini akaweka chini kichupa na kurudi kwenye karatasi zake. Zilikuwa nne, zote za mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na nne. Juzi mchana Mwalimu alianguka jikoni kwake mbele ya muuguzi wa nyumbani, akafikishwa hospitali hajitambui, na damu ilipopimwa ilikutwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Mwanawe wa pekee, ambaye ndiye aliyemwajiri muuguzi wiki sita zilizopita, hakungoja hata mama afumbue macho. Alikwenda mbio kituoni kusema kwamba mwanamke huyo anamuua mama yake taratibu.

Ushahidi wake ulikuwa wa aina mbili. Chini ya kitanda cha muuguzi palikutwa pakiti ya sumu ya panya, ile inayozuia damu isigande mpaka mnyama akavuja ndani kwa ndani. Wa pili ulikuwa daftari la muuguzi mwenyewe. Siku ishirini na moja zilizopita aliandika humo kwa kalamu nyekundu: "Damu imepungua. Nimeomba apimwe upya, nimekataliwa." Siku tatu tu kabla ya hapo, Mwalimu alikuwa amepimwa kliniki, na karatasi ya kliniki ilisema damu yake ni nzuri kabisa.

Mkuu wa kituo aliona kesi imejiandika yenyewe. Maabara nzima ilisema damu iko sawa, mwanamke mmoja akasema imepungua, na wiki tatu baadaye ikapungua kweli. Kama si yeye anayeipunguza, aliionea wapi? Muuguzi alipoulizwa swali hilo alijibu, "Nilimtazama tu, afande," na mkuu wa kituo akaona anachezewa shere. Akaamuru alale ndani. Gari la mahakamani lingeondoka saa nane mchana, na Kwanini alipewa mpaka saa hiyo kuuliza kwanini zake zote.

"Tuanze na panya," Kwanini alisema. "Mwalimu kala sumu au hakula?"

"Hakula." Darubini alimsogezea karatasi ndogo. Alikuwa mzee wa maabara tangu enzi za kuhesabu chembe kwa jicho, na alipenda kuulizwa, ingawa alijifanya hapendi. Alieleza kwamba mtu aliyelishwa sumu ile damu yake huchelewa sana kuganda. Ya Mwalimu ilikuwa imepimwa mara mbili, jana na leo, na mara zote iliganda ndani ya muda wa kawaida. "Hiyo pakiti itafutieni panya wake. Huyu mama haimhusu."

Kwanini akaikata sumu ya panya kwenye daftari lake kwa mstari mmoja mrefu. Kisha akauliza kama mtu anaweza kuipunguza damu ya mwenzake bila sumu. Kwa kuitoa, kwa mfano, usiku kwa usiku, kwa bomba la sindano. Muuguzi anao ujuzi huo.

Darubini alifungua sanduku la vioo. Aliweka kioo chembamba chini ya hadubini yake, akamwachia kiti. "Hii ni ya kliniki, ya siku ishirini na nne zilizopita. Wanatuletea sisi, na vioo natunza miezi mitatu. Unaona nini?"

Kwanini aliona chembe nyingi nyekundu, za mviringo, zimejaa vizuri na zinalingana. Darubini akabadilisha kioo, akaweka cha juzi. Hizi sasa zilikuwa chache, tena ndogondogo, zimepauka katikati mpaka zikabaki ukingo tu kama pete. Mtu asiyejua chochote angesema ni vitu viwili tofauti, na Kwanini, ambaye alikuwa hajui chochote, akasema hivyohivyo.

"Sasa nisikilize," Darubini alisema. "Mwili unaoka chembe kwa chuma, kama mwokaji anavyooka mkate kwa unga. Unga ukianza kwisha haachi kuoka, anapunguza ukubwa wa mkate. Chembe ndogo namna hii ni za mtu ambaye chuma kilimwishia zamani. Ghala lenyewe hili hapa." Aligusa mstari kwenye karatasi ulioandikwa feritini. Siku ishirini na nne zilizopita ulisoma themanini na nane. Juzi ulisoma nne. "Nne si ghala tena. Hiyo ni sakafu."

"Na kama ametokwa damu nyingi kwa ghafla?"

"Zingebaki chache, lakini zilizobaki zingekuwa zilezile za jana. Ukimwaga nusu ya maji ya ndoo, nusu inayobaki haigeuki kuwa maziwa."

Kwanini alirudisha mezani kichupa alichokuwa akikigeuza. Alikuwa na alama moja ya kupenda jambo: aliacha kushika vitu. Mikono ikatulia juu ya meza. "Chembe moja inaishi muda gani?"

"Siku mia na ishirini. Ikizaliwa kubwa itakufa kubwa, ikizaliwa ndogo itakufa ndogo. Hainenepi wala haikondi njiani."

"Basi zile kubwa za siku ishirini na nne zilizopita hazijafa. Kati ya kila tano, nne zilitakiwa ziwe hapa." Aliinama tena kwenye hadubini, akatafuta kwa muda mrefu, akasogeza kioo huku na huku. "Ziko wapi, mzee?"

"Nimezitafuta tangu juzi," Darubini alisema. "Haipo hata moja."

Kwanini akasema kwa upole, maana alijua anachokoza nyuki, kwamba labda maabara ilichanganya vichupa. Darubini alisimama kana kwamba ametukaniwa mama. Alitoa karatasi nyingine mbili za kliniki, moja ya miezi mitano iliyopita na moja ya miezi tisa, akazipanga pembeni ya ile ya tatu. Himoglobini kumi na mbili nukta nane, kumi na tatu, kumi na mbili nukta tisa. Ukubwa wa chembe tisini, tisini na moja, tisini na moja. Kisha akaweka ile ya juzi: sita nukta moja, na ukubwa sitini na nne.

"Tukichanganya mara moja ni uzembe, nitatubu," alisema. "Mara tatu, ndani ya miezi minane, na kila mara na mtu yuleyule?"

"Huo si uzembe," Kwanini alisema. "Kuna mtu anakuja kutoa damu kwa jina la Mwalimu. Mtu mmoja, mara zote tatu."

Alimpigia simu mkuu wa kituo papo hapo, kutoka korido. Alimweleza kwamba ugonjwa huu ulianza miezi mingi iliyopita na muuguzi ana wiki sita tu katika nyumba ile. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akasema kwamba hakimu haulizi pete wala mkate. "Vioo havina kinywa, Kwanini. Niletee mtu mwenye kinywa, aseme ni yeye. La sivyo saa nane gari linaondoka."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Kliniki ilikuwa mitaa miwili kutoka hapo, jengo la ghorofa moja lenye foleni inayoanzia mlangoni. Binti wa kuchukua damu alikuwa na meza, kiti chenye egemeo pana la mkono, na boksi la vichupa vya vifuniko vya rangi rangi. Alikuwa mchangamfu, na hofu ilimwingia tu alipoona kitambulisho. Haraka haraka akajitetea kwamba yeye hufuata utaratibu, humwuliza kila mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, akajibiwa sawasawa ndipo afunge mpira mkononi.

Kwanini alimwambia hakuja kumfukuzisha kazi. Alitaka kujua tu kama anamkumbuka mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja karibu mwezi mmoja uliopita.

"Mwalimu? Namkumbuka sana. Yule bibi ni raha tupu. Anakunja mkono wa blauzi mwenyewe, anaitazama sindano ikiingia, hapepesi jicho. Watu wazima wanalia hapa, mama, wanaume na ndevu zao." Binti akacheka, akashika pindo la koti lake jeupe. "Siku hiyo aliniona upindo umefumuka. Akasema hawezi kutolewa damu na mtu aliyefumuka. Akatoa uzi na sindano kwenye mkoba, akanipiga upindo nimesimama hivi hivi, foleni inangoja."

Kwanini aliomba kuuona. Upindo ulikuwa wa mkono, mishono midogo, iliyolingana kama ya mashine, na fundo lake limefichwa kwa ndani ambapo jicho haliendi. Hakuna mwalimu mstaafu anayeshona hivyo kwa kujifurahisha tu. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu aliyeshona kila siku maisha yake yote.

"Alikuja peke yake?"

"Na ndugu yake. Wanafanana huwezi kuamini. Ila yule mwingine alibaki nje kwenye benchi, akageukia ukuta. Huyu akaniambia, ndugu yangu yule hawezi kuona damu."

Katika maneno yote yaliyosemwa kliniki siku ile, Kwanini aliwaza, hayo pengine ndiyo yaliyokuwa ya kweli tupu. Alimshukuru binti, akamshauri aanze kuomba kadi yenye picha, akaondoka.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ndogo, safi, ya matofali yaliyopakwa chokaa, na sauti ya cherehani ilisikika tangu getini. Alijua atakayemkuta. Jana alikuwa amemhoji kwa dakika kumi: dada mkubwa wa Mwalimu aliyeishi naye, miaka sabini na sita, wateja wakimwita Fundi na mtaa mzima ukafuata. Siku ya tukio hakuwapo, alikuwa amepeleka gauni la bibi harusi, na kwa hiyo hakuna aliyemwuliza maswali ya maana. Hilo lilikuwa kosa, na Kwanini alilihesabu kuwa lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mdogo wangu ameamka, umesikia? Asubuhi amekunywa uji." Fundi hakusimamisha mguu. Alisema muuguzi yule alikuwa mkorofi wa maswali kama Kwanini mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa ya huruma, na yeye haamini kabisa hiyo hadithi ya sumu. Pakiti ile aliinunua yeye, mwaka juzi, kwa ajili ya panya waliokuwa wakila vitambaa. Chumba cha muuguzi zamani kilikuwa stoo.

"Mbona hukusema jana?"

"Hukuniuliza pakiti. Uliniuliza nilikuwa wapi."

Kwanini akalikubali jibu hilo, maana lilikuwa la haki. Aliomba maji ya kunywa, akaambiwa ajihudumie, jikoni ni pale. Alipofungua friji juu, penye kugandisha, hakukuta nyama wala samaki. Alikuta trei za barafu, saba, zimepangwa mpaka mlangoni. Moja ilikuwa nusu tupu. Akarudi akauliza za nini.

"Za mdogo wangu. Anatafuna." Fundi alitikisa kichwa. "Kutwa kucha, kru kru kru, utadhani panya wamerudi. Ingekuwa chaki ningeelewa, mtu ni mwalimu. Lakini barafu?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kabla ya mvua."

Neno hilo, barafu, lilikuwa limeandikwa katika daftari la muuguzi karibu kila ukurasa, na polisi waliliruka wote, Kwanini akiwemo. Alitoka barazani akampigia Darubini. Mzee hakuhitaji hata kufikiri. Alisema mtu aliyeishiwa chuma hupatwa na hamu za ajabu, wengine udongo, wengine mchele mbichi, wengine barafu, na hamu hiyo haiji kwa siku mbili. Huja kwa miezi. Muuguzi mzuri akiikuta humtazama mgonjwa ndani ya kope, kama pamekuwa peupe, na kucha, kama zimebonyea kama kijiko. Hahitaji mashine.

Nilimtazama tu, afande. Kumbe mwanamke wa watu alikuwa amejibu swali, tena kwa ukamilifu, na kwa jibu hilo akalazwa sakafuni.

Kwanini alirudi ndani akakaa karibu na cherehani. "Binti wa kliniki anakusalimu," alisema. "Anasema upindo haujafumuka tena."

Mguu wa Fundi ukasimama. Gurudumu likazunguka mara moja zaidi lenyewe, likatulia. Mwanamke yule alikuwa amekula chumvi nyingi, na alijua wakati wa kukana umeshapita. Hakukana. Alivua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa, akaeleza.

Mdogo wake aliogopa sindano tangu utotoni, si uoga wa mzaha, uoga wa kuzimia. Shuleni, siku ya chanjo, ni yeye Fundi aliyekwenda kwenye mstari mara mbili. Daktari wa magoti alipoanza kudai damu kila baada ya miezi minne, Mwalimu hakulala wiki nzima, akakonda kwa hofu. Ndipo Fundi akasema, lete kadi. Tarehe ya kuzaliwa aliijua kwa moyo, maana alikuwepo.

"Sikuona ubaya," alisema. "Mama mmoja, baba mmoja, chungu kimoja tangu tuzaliwe. Anachokula ndicho ninachokula. Yangu ikiwa nzuri, yake iende kombo kwa sababu gani?"

"Daktari alitaka damu ya nini, mama?"

"Kuangalia tu. Si wanapenda kuangalia?"

Kwanini aliomba kadi ya kliniki. Ilikuwa kwenye droo, pamoja na vifungo. Ukurasa wa kwanza daktari alikuwa ameandika kwa mkono wa kusomeka, jambo la nadra kwa kabila lao, na Kwanini akasoma kwa sauti, polepole. Vidonge vya maumivu ya magoti vilivyotolewa huweza kuchubua tumbo kwa ndani, damu ikavuja kidogo kidogo bila mgonjwa kuona. Apimwe kila miezi minne. Ikipungua, vidonge visimame mara moja. Chini yake palikuwa na mistari mitatu yenye tarehe tatu. Damu nzuri, aendelee. Damu nzuri, aendelee. Na wa mwisho, wa siku ishirini na nne zilizopita: Damu nzuri sana. Maumivu bado. Dozi iongezwe.

Fundi alisikiliza mikono ikiwa juu ya kitambaa. Ilichukua muda kumfikia, na ilipomfika Kwanini aliona uso wake ukizeeka.

"Kwa hiyo kila nilipotoa yangu," alisema, "wakamwongezea."

Kwanini alimhurumia, na hakuwa na la kumpunguzia. Alimwambia mambo mawili tu. La kwanza, kuna mwanamke mahabusu ambaye saa nane atapelekwa mahakamani kwa kosa asilolifanya, na kinywa cha kumtoa ni hiki. La pili, hospitali hawajui kadi hii inasema nini. Kwao Mwalimu ni mtu aliyetumia vidonge mwaka mzima bila kudhurika.

Fundi alikuwa tayari amesimama, akitafuta viatu.

Walifika wodini saa sita na dakika kumi. Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mwembamba, macho wazi, na mfuko wa pili wa damu ulikuwa umekaribia kwisha juu ya kichwa chake. Mwanawe alikuwa kando ya kitanda na glasi ya maji mkononi. Kwenye kiganja kingine alikuwa na kidonge cheupe.

"Hicho ni cha nini?" Kwanini aliuliza.

"Cha magoti. Amelia na magoti usiku kucha, hapa hawampi kitu. Nimemletea vya nyumbani. Cha asubuhi amekunywa."

Kwanini akanyoosha mkono. Hakupandisha sauti, lakini kijana yule wa miaka arobaini na tano akampa kidonge kama mwanafunzi aliyekutwa na peremende. Alimpa na boksi zima. Kwanini alimwita sista wa wodi, akamkabidhi boksi na kadi, akamwonyesha ukurasa wa kwanza. Sista alisoma, akasema neno moja ambalo halifai kuandikwa, akaondoka kwa hatua ndefu kumtafuta daktari.

Hapo ndipo Fundi alipokaa kwenye ukingo wa kitanda na kumshika mdogo wake mguu juu ya shuka. Aliongea chini chini, akimwambia Mwalimu yote, upindo, kadi, mistari mitatu. Mtoto wa Mwalimu alisikiliza mdomo wazi. Aliposikia damu ya nani ilimwongezea mama yake dozi, alianza kusema kitu kwa hasira, na Kwanini akamgusa bega akaacha.

"Nisamehe, mdogo wangu," Fundi alimalizia. "Mimi nilidhani yangu na yako ni sawa. Sikusoma. Nilidhani."

Mwalimu alimgeukia dada yake.

"Mimi nilijua si sawa," alisema.

Sauti yake ilikuwa hafifu lakini kila neno lilitoka kamili, kama la mtu aliyezoea wanafunzi kuandika anachosema.

"Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Chembe, chuma, yote nimechora ubaoni. Nilijua karatasi ile haisemi kitu juu yangu. Nilikuwa nikipanda ngazi tatu naona nyota, na nilijua ni nini. Yule muuguzi alinivuta kope, akasema, mama, umekauka, twende ukapimwe. Nikamwambia aache uchuro." Akavuta pumzi. "Niliogopa sindano, dada. Nikaona afadhali nife taratibu kuliko kutoboka. Wewe huna kosa la kuombea msamaha."

Kwanini alikuwa amekwishatoa daftari, lakini Mwalimu alisema hapana, ataandika mwenyewe. Walimwekea ubao wa chati mapajani. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa ubaoni, bila kufuta neno, na mahali pa muuguzi aliandika: "Aliniona ninavyougua wakati mimi na ndugu yangu tunaficha. Hajanipa chochote ila ukweli." Akatia sahihi na saa.

Simu kituoni ilichukua dakika sita. Kwanini alisoma maelezo yote neno kwa neno, na mkuu wa kituo, ambaye alikuwa mgumu lakini si mjinga, akauliza swali moja tu: kama mama huyo ana akili timamu. Kwanini alimjibu kuwa amemsahihishia sarufi mara mbili tangu aingie. Saa saba kasoro robo muuguzi alifunguliwa. Mtoto wa Mwalimu aliomba ruhusa akamchukue yeye mwenyewe kwa gari lake, akasema hajui atamwambia nini njiani. Mama yake akamwambia aanze na samahani, halafu anyamaze.

Alipotoka tu, sista akarudi na sinia ndogo. Daktari ameagiza damu ipimwe sasa hivi, alisema, mfuko umeisha, anataka kujua imefika ngapi na kama tumbo bado linavuja. Aliweka sinia juu ya kitanda, akafunua mpira, akatoa sindano kwenye karatasi yake.

Fundi alisogea mbele na kuanza kukunja mkono wa blauzi. Alikunja mara mbili, vizuri, mpaka juu ya kiwiko, na alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya shuka kabla hajajua anachofanya. Mwalimu alimwona. Kwanini pia alimwona.

"Dada," Mwalimu alisema. "Teremsha."

Akautoa mkono wake mwenyewe chini ya shuka, mwembamba, mweupe kiganjani, ukitetemeka mpaka kitanda kikasikika. Akafumba macho, akasema jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa kabla hajaulizwa. Fundi aliteremsha mkono wa blauzi, akafunga kifungo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalia.